Ukuta Uliocheka Donholm

Magoti yangu yalistaafu kabla yangu. Mimi mwenyewe bado nilikuwa naitaka kazi, lakini siku niliyopiga magoti kwenye bafu la watu kule Umoja nikashindwa kuinuka, hadi mwenye nyumba na binti yake wakaninyanyua kama godoro, nilijua basi. Nyinyi vijana niliowaachia kazi mmeniomba niandike nilivyoanza, na mmoja wenu akaongeza kwamba niandike upesi kabla sijasahau. Asante, mwanangu. Sijasahau kitu. Hata lile bafu lako la kwanza, ambalo mlango wake ulikataa kufunguka kwa sababu hukukumbuka kwamba vigae vya sakafuni vina unene, nalikumbuka vizuri sana.

Sitawaambia nilipanda cheo gani. Fundi wa vigae hana cheo. Anaanza kazi amepiga magoti na anaimaliza amepiga magoti. Nitawaambia mambo ya kuta.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini mtaa wa Tena, hapa Nairobi, ulikuwa bado unajengwa. Mimi nilikuwa msichana wa Mathare, naishi na mama yangu, na kila asubuhi nilitembea hadi Tena na sufuria la uji na birika la chai kuwauzia mafundi. Meza yangu ilikuwa kasha la mbao. Ili isichafuke upesi niliokota vipande vya vigae vilivyotupwa, nikavibandika juu yake kwa simiti iliyomwagika, nikapanga ua kubwa lenye majani. Nililipenda ua lile. Wateja wangu waliweka vikombe pembeni ili wasilifunike.

Siku moja akaja Mzee Shafi. Alikuwa mtu wa Majengo, mrefu, mwembamba, mwenye kofia ya kufuma isiyoshika hata chembe ya vumbi, na Kiswahili kilichofanya vibarua wasimame wima. Mtaani sote tulisema tailsi. Yeye alisema vigae, na ukimwambia tailsi alijifanya hakusikia. Aliitazama meza yangu kwa muda mrefu.

"Nani kakupangia maua haya?"

"Mimi, mzee."

"Umeyapanga vibaya."

Nikamwambia anywe uji, meza aiachie mwenyewe. Akanywa.

"Na uji ni mzito," akasema. "Kesho njoo na nguo za kazi. Uji mzito si mbaya. Simiti tunaipenda hivyo hivyo."

Mama alitaka kumwona kwanza huyo mwanamume anayewaajiri wasichana. Alipoona alivyo mwembamba aliniambia niende, maana akinikosea adabu nitaweza kumwangusha. Sikuwahi kuhitaji kumwangusha. Katika miaka yote niliyofanya kazi naye, kosa lake kubwa lilikuwa kuimba akichanganya simiti, na hakujua kuimba.

Kwa wiki za kwanza hakuniruhusu kugusa kigae. Nilifundishwa ukuta tu. Gonga kwa mpini wa nyundo, sikiliza. Ukuta ukijibu kwa sauti ya debe tupu, plasta imeachana na matofali na lazima ishuke, hata kama inapendeza. Ukikuta rangi ya mafuta, chonga kwa patasi hadi ukuta uonekane kama umeugua tetekuwanga, kwa sababu simiti haishiki kwenye kitu kinachoteleza. Kisha teremsha timazi, ule uzito wa chuma unaoning'inia kwenye uzi, ujue ukuta umelala kiasi gani. Nyumba zetu nyingi za Eastlands zilijengwa na watu waliokuwa na haraka. Kona ya mraba nilikuwa naisikia tu kwenye mazungumzo. Hapo ndipo unalowesha ukuta, unapiga plasta mpya, unaikwaruza ikiwa mbichi ili kigae kipate pa kushikilia, halafu unafanya ile sehemu ya kazi ambayo wateja huichukia kuliko zote: unaenda nyumbani na kuiacha ikauke.

"Kazi ni ukuta," Mzee Shafi alikuwa akisema. "Kigae ni cha kuonyesha wageni."

Siku aliponiruhusu kubandika, nilifurahi mno hata nikasahau kuviloweka. Enzi zile hatukuwa na gundi za mifuko mlizonazo nyinyi. Tulibandika kwa simiti tupu iliyokorogwa kama uji, na kigae lazima kilale kwenye maji hadi kiache kutoa mapovu, la sivyo kinainyonya simiti maji yake yote na kuiacha unga. Nilibandika vikavu, safi, vimenyooka, kisha tukakaa kunywa chai. Cha kwanza kilipoanguka, Mzee hakugeuka. Cha pili kilipoanguka, akakoroga chai yake. Cha tatu kilipoanguka akasema, "Wamekwambia wenyewe. Mimi niongeze nini?"

Mchanga nao ulikuwa na shule yake. Kijana wa mkokoteni alikuwa anatuletea, mchangamfu, mwenye maneno mengi.

"Niaje, mzee! Sasa, siz! Leo nimewaletea mchanga ya mto, poa kabisa, haina maneno."

Mzee Shafi aliuchota akautia kwenye chupa ya soda, akajaza maji, akatikisa, akaiweka chini. Mchanga ukazama, na juu yake ukakaa udongo mwekundu mnene kama siagi juu ya mkate.

"Hili ni shamba," Mzee akamwambia. "Ungetuletea na mbegu."

Kuhusu kuchagua vigae, nitasema machache, kwa sababu mteja hachagui kwa akili, anachagua kwa macho, na kazi yako ni kumzuia bila kumkasirisha. Vya ukutani ni vyembamba na vinang'aa. Vya sakafuni ni vizito na vina mkwaruzo. Mkikubali kumwekea mtu vya ukutani chini kwa sababu amependa rangi, mtakuwa mmemwekea barafu. Enzi zile watu walitaka waridi, kijani cha parachichi, na mkanda wa maua katikati. Kuna bwana mmoja Buruburu aliyetaka bafu jeusi. Tulimshauri, akakataa, tukamwekea jeusi hadi darini. Wiki iliyofuata alituita tena. Mkewe alikuwa anaingia kuoga na tochi.

Basi, tufike Donholm. Mafundi wakikutana nami bado huniuliza habari za nyumba ile, na kila mmoja ameisikia kivyake. Nitaieleza ilivyokuwa.

Nyumba ilikuwa ya Baba Ndinda, dereva wa malori ya safari ndefu, na mkewe Mama Ndinda, karani wa ofisini, mwanamke nadhifu aliyepiga pasi hata vitambaa vya kupangusia sahani. Nyumba za korti ile, yaani kundi la nyumba zenye lango moja, zilikuwa zimeungana, ukuta mmoja katikati, na bafu lao liligusana na bafu la jirani. Mama yake Baba Ndinda alikuwa ameanguka kijijini, upande wa Ukambani, akavunjika nyonga. Alikuwa ametoka hospitali na alikuwa kwa dada yake kwa muda. Daktari alisema asirudi kuishi peke yake kwenye nyumba ya kuteremka mtoni kuchota maji. Kwa hiyo angekuja Donholm, na bafu lingetengenezwa ili aweze kuoga bila kuanguka tena. Wajukuu walimwita Susu, yaani nyanya kwa Kikamba, na mtaa mzima ukafuata.

Shida ni kwamba bafu lilikataa kutengenezeka. Fundi wa kwanza alibandika vigae, vikaanguka. Akaja wa pili, navyo vikaanguka, tena upande uleule wa jirani. Mzee Shafi alipoitwa alikuwa amebanwa na kazi ya Tena, akaniambia niende peke yangu. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kutumwa bila yeye.

"Wanasema kuna pepo," nikamwambia.

"Mwambie apishe, tunataka kupiga plasta."

Mama Ndinda alifungua mlango, akanitazama, kisha akatazama nyuma yangu.

"Fundi yuko wapi?"

"Ndiye mimi."

Akavuta pumzi. "Haya, ingia. Wanaume wameshindwa, labda wewe."

Alinipeleka bafuni lakini yeye hakuvuka kizingiti. Akaniambia kwa sauti ya chini, kama mtu aliye karibu na mgonjwa, "Siz, ukuta huu unacheka."

Nilidhani ni msemo wa maofisini. Nikapiga magoti, nikagonga. Debe tupu, kama nilivyotarajia. Nikaweka patasi, nikainua nyundo, na ukuta ukacheka. Wallahi ulicheka. Ilikuwa sauti nzito, ya kukwaruza, kama mzee mwenye mafua aliyesimuliwa jambo la aibu: ilianza juu, ha-ha-ha-ha-ha, ikateremka polepole hadi ikafa. Nilijikuta sebuleni na nyundo mkononi. Miguu ilinipeleka bila kuniuliza.

"Umesikia?" Mama Ndinda akauliza.

"Nimesikia."

"Ulianza wiki ileile mume wangu aliposema mama yake anakuja."

Hapo nikaelewa mambo yalivyokaa. Mama Ndinda na mama mkwe wake hawakuwahi kupikika chungu kimoja. Siku ya harusi, Susu alionja pilau mbele ya wageni akaomba chumvi. Bibi harusi hakuisahau chumvi ile. Sasa ukuta ulikuwa umempa sababu. Alikuwa ameshamwambia mumewe kwamba bafu lile halifai, kwamba kuna kitu kimetumwa kutoka nyumbani, na kwamba mama atafutiwe mahali pengine. Mahali pengine hapakuwapo. Dada yake Susu naye alikuwa mzee na alikuwa ameanza kulalamika. Lile bafu lisipokamilika, ajuza yule angerudi kwenye nyumba yake ya mtoni na nyonga yake ya kuunga, na kila mtu alijua ingeishaje.

Nilirudi bafuni. Siwezi kusema sikuogopa, lakini niliogopa zaidi kumwambia Mzee Shafi kwamba nimekimbizwa na ukuta. Nikang'oa vigae vilivyobaki. Chini yake nilikuta rangi ya mafuta, inang'aa kama ilipakwa jana. Mafundi wote wawili walikuwa wamebandika juu ya rangi. Nikafurahi, nikachonga ukuta wote, nikadhani nimemaliza kesi. Lakini plasta ilitoka mkononi ikiwa na unyevu, laini, kama mkate ulioangukia chai. Nikafanya jambo alilonifundisha Mzee: nikabandika kipande cha nailoni ukutani, nikaziba kingo zake zote kwa utepe, nikaenda zangu. Kesho yake matone yalikuwa ndani ya nailoni, upande wa ukuta. Kama yangekuwa nje, ni mvuke wa bafu lao. Yakiwa ndani, maji yanatoka kwenye ukuta wenyewe. Na nyuma ya ukuta alikuwa jirani.

Jirani alikuwa Mwenyekiti. Jina analo, lakini hakuna aliyelitumia. Alikuwa mwenyekiti wa kamati ya wakazi wa korti, mtu wa tai hata Jumapili jioni, anayeishi peke yake kwa sababu mkewe alikuwa akifanya kazi mji mwingine. Yeye ndiye aliyepiga marufuku kufuga chochote kwenye korti. Kuku wa mama mmoja wa nyumba ya kona walihamishwa kwa amri yake, na sungura wa watoto fulani vilevile. Watu walimwogopa na kumheshimu, hasa kwa afya yake. Kila jioni alionekana akirudi na mfuko mkubwa wa majani ya sukuma wiki, yale ya nje yanayotupwa, na mwenye kibanda alimsifu mbele za watu: tazameni, mtu wa ofisini lakini hali nyama.

Nilimbishia hodi. Akafungua dirisha kidogo, kiasi cha pua.

"Mwenyekiti, tunaomba kuangalia bafu lako. Maji yanapenya upande wa pili."

"Bafu langu ni kavu."

"Dakika moja tu."

"Nina malaria," akasema, akafunga.

Nilipomweleza Mzee Shafi, macho yake yaliangaza kwa namna ambayo ilimfaa mtu mdogo kuliko yeye. Alikuja mwenyewe siku iliyofuata, akaacha vifaa mlangoni, akavaa kanzu yake ya Ijumaa aliyokuwa nayo kwenye mfuko, akaenda kumwomba Mwenyekiti maji ya kutawadha. Nani angemnyima mzee maji ya udhu? Mwenyekiti hakumnyima. Alimletea nje, kwenye ndoo, pamoja na taulo na kigoda. Mzee akatawadha mbele ya korti nzima, mara mbili, ili kupata muda wa kuchungulia, na hakuona chochote isipokuwa pazia.

"Mtu yule anaficha kitu," akaniambia akijifuta masikio. "Lakini taulo lake ni zuri."

Mama Ndinda, kwa upande wake, aliita maombi. Walikuja akina mama wa kanisa lake, wakajipanga kutoka bafuni hadi ngazi za nje, wakaimba kwa nguvu za ajabu. Mimi na Mzee tulisimama jikoni kwa adabu. Ukuta ulinyamaza kabisa. Waliimba, wakaomba, wakakemea, na ukuta haukutoa hata sauti ya panya. Kiongozi wao akashusha mikono, akasema amina, akageuka kwa Mama Ndinda na uso wa ushindi.

"Dada, imekwisha."

Ha-ha-ha-ha-ha, ukasema ukuta.

Sijawahi kuona bafu likiachwa haraka hivyo. Kiatu kimoja cha kiongozi kilibaki kwenye ngazi, na kilichukuliwa baadaye na mtu aliyetumwa. Mzee Shafi alilazimika kuingiza kichwa ndani ya kabati la vyombo ili asionekane. Mimi nilitazama dari.

Lakini jioni ile mambo hayakuwa ya kucheka. Baba Ndinda alirudi kutoka safari, akamkuta mkewe amefunga mlango wa bafu kwa kamba. Tulikuwa tunakusanya vifaa, tukayasikia yote bila kutaka.

"Nimemwambia mama mdogo nitamchukua mama kesho," alisema. "Nimeshamwambia."

"Basi umpeleke kwake kijijini."

"Akafie mtoni?"

Mama Ndinda aliikaza ile kamba ya mlango. Alikuwa analia, na nilimwamini. Aliuogopa ukuta ule kweli. Kilichonisikitisha ni kwamba alikuwa pia ameshukuru kuuogopa, na yeye mwenyewe alikuwa anajua.

Kesho yake tukiwa tunashauriana kama tubomoe plasta yote hadi matofali, lori lilisimama nje na Susu akateremshwa. Nilikuwa nimejenga picha ya jitu. Alishuka mwanamke mdogo kama mtoto wa shule, kitambaa cha maua kichwani, gongo mkononi. Alimsalimu mkaza mwanawe, akasalimiwa kwa baridi, akasema amekaa kwenye lori mno na anataka choo. Hakuna aliyepata ujasiri wa kumzuia. Mama Ndinda alifungua ile kamba. Susu aliingia kwa gongo lake, tok, tok, tok. Sote tukasimama sebuleni kama watu waliosikia mlio wa breki na wanangoja mgongano.

Ukuta ukacheka.

Kisha sauti ya Susu, kutoka ndani, bila wasiwasi wowote:

"Nani anafuga bata hapa?"

Mzee Shafi alinitazama. Mimi nilimtazama Baba Ndinda. Mama Ndinda alikaa chini sakafuni, bila kulifikia kochi.

"Ni bata jike," Susu akaendelea kutufundisha kupitia mlango. "Huyu ana njaa. Mmemlisha?"

Alipotoka hakuuliza njia. Alitoka nje, akafika kwa Mwenyekiti, akabisha kwa gongo. Dirisha likafunguka kiasi cha pua.

"Nina malaria," likasema.

"Pole, mwanangu. Bata wako wana njaa."

Dirisha likafungwa. Susu akaketi kwenye ngazi ya mlango wa Mwenyekiti, akanyoosha mguu mbaya, akaanza kuwasalimu wapita njia mmoja mmoja kwa sauti kubwa. Mpita njia wa kwanza alikuwa yule mama wa nyumba ya kona, aliyenyang'anywa kuku wake. Mlango ulifunguliwa kabla hajafika.

Tuliingia mimi, Mzee, Susu na Baba Ndinda. Bafuni kwa Mwenyekiti, ndani ya hodhi la kuogea lililojaa maji hadi ukingoni, walikuwa bata, weupe, wanene, wanaogelea kama wamelipia. Walikuwa wamepigapiga maji ukutani kwa miezi. Ule ufa kati ya hodhi na ukuta, ambao fundi mwenye akili huuziba kabla ya jambo lingine lolote, ulikuwa wazi kama mdomo, na maji yote yaliingia humo moja kwa moja hadi kwa Mama Ndinda. Kwenye sinki majani ya sukuma wiki yalikuwa yameoshwa na kukatwakatwa vizuri. Mwenyekiti alisimama katikati na tai yake.

"Nilinunua wawili, wa Krismasi," akasema. "Krismasi ilipofika tulikuwa tumezoeana."

Mzee Shafi, ambaye hakuwahi kukosa neno, akavua kofia yake.

"Mke wangu huja mara moja moja tu," Mwenyekiti akaongeza, akimwangalia Susu peke yake. "Nyumba ni kimya."

Susu aliinama kwa shida, akamshika mmoja shingoni, akampima uzito kwa mkono. "Wamenenepa kwa huzuni," akasema. "Bata anataka mto, hataki sinki. Mimi mto ninao, na nyumba iko wazi. Watakwenda na lori, dada yangu anayekaa karibu na hapo atawatunza. Wewe utakuja kuwaona." Kisha akatuonyesha sisi kwa gongo. "Na hawa utawafungulia mlango."

Mwenyekiti akakubali yote. Mzee Shafi alimwambia asihofu, siri ya mteja ni kama plasta, haionekani. Alikuwa anasema kweli. Sikulisema neno hili hadi leo, na Mwenyekiti alishahama zamani.

Tuliporudi upande wa pili, Mama Ndinda alikuwa bado sakafuni. Susu alikaa kochini, akamgeukia.

"Nasikia ulidhani ni mimi."

Mama Ndinda akainamisha kichwa. "Nilidhani, mama."

"Ningekuwa na uwezo wa kucheka kutoka kule hadi huku," Susu akasema, "ningekuwa nacheka kila siku unapopika."

Nilifumba macho. Nilijua sasa nyumba inawaka. Lakini Mama Ndinda alitoa sauti nisiyoweza kuieleza, nusu kilio, kisha akajifunika uso na mabega yakaanza kumtikisika, na nilipoangalia vizuri alikuwa anacheka, machozi yanamteremka hadi kwenye blauzi. "Chumvi," akawa anasema. "Mama, ile chumvi!" Susu alisogea kidogo kwenye kochi, akampigia nafasi iliyobaki kwa kiganja, na Mama Ndinda akainuka, akakaa.

Sasa, vijana, sikilizeni kazi ilivyofanyika. Kwanza upande wa Mwenyekiti: tulitoa maji, tukakwangua ule ufa, tukauziba, tukapiga plasta iliyochanganywa na unga wa kuzuia maji. Halafu tukaacha ukuta ukauke. Baba Ndinda alitaka tuanze mara moja, na Mzee alikataa. Tulirudi kila siku chache kubandika ile nailoni, na kila mara tukikuta tone tuliiondoa tukaenda zetu. Susu alioga kwenye beseni sebuleni wakati huo wote, nyuma ya shuka, akituuliza habari za ukuta kana kwamba ni jamaa aliyelazwa.

Nailoni ilipokauka kabisa tukapiga plasta. Kabla ya vigae tulifunga vyuma vya kushikilia, vimeingia kwenye matofali hasa, si kwenye plasta, kwa sababu mtu anayeanguka hashiki chuma kwa adabu. Mama Ndinda alitaka vigae vyeupe kila mahali. Susu akasema macho yake hayatenganishi nyeupe na nyeupe, atashika hewa. Walibishana kwa furaha siku nzima na mwishowe wakaelewana: vyeupe, na mkanda wa bluu iliyokoza kwenye kimo cha mkono, palipokuwa na vyuma. Chini tuliweka vyenye mkwaruzo. Tangu hapo kila bafu la mzee nimeliwekea mkanda wa rangi nzito, na wateja hudhani ni urembo.

Siku ya kumaliza, nilikuwa nafuta vumbi la simiti nyeupe kwenye mianya, Mzee Shafi anaosha miiko nje. Alikuwa na desturi moja asiyoivunja: hakuondoka kwenye kazi bila kuzunguka mara ya mwisho na sarafu, akigonga kila kigae, sikio karibu, akitafuta penye uwazi. Kimoja tu kikijibu vibaya, tulibaki. Nilikuwa nikimwona akiwasimamisha wenye nyumba mlangoni na mizigo yao hadi amalize.

Alikuja na sarafu yake mkononi. Wakati uleule Mama Ndinda alipita na ndoo ya maji ya moto, akaiweka ndani. Akamsaidia Susu kuvuka kizingiti. Ajuza aliweka kiganja kwenye ule mkanda wa bluu, akaufuata polepole hadi kwenye chuma, akakishika.

"Ni baridi," akasema. "Ni pazuri."

Mama Ndinda akavua saa yake, akaiweka dirishani. Akakunja mikono ya blauzi, yule mwanamke aliyepiga pasi vitambaa vya sahani, na akaanza kumfungua mama mkwe wake vifungo vya gauni. Akatuona tumesimama. Akausukuma mlango kwa mguu, ukafungika, na tukasikia maji.

Mzee Shafi alibaki akiutazama mlango na sarafu yake. Kisha akaitia mfukoni.

"Chukua vifaa, Nafula," akasema. "Leo hatukagui."